Jinsi ya Kuanzisha Beji za Kidijitali na Kazi za Mikono kwa Vijana Maktabani

Mwongozo huu ni wa mkutubi wa maktaba ya wilaya, ya shule au ya jamii ambaye ana meza mbili tatu, kompyuta chache, intaneti inayokatika mara kwa mara, na vijana wanaoingia kila jioni kwa sababu nyumbani hakuna mahali patulivu pa kukaa. Vijana hao wanajua mambo mengi ambayo hayaandikwi popote. Mmoja anafungua simu iliyoingia maji na kuirudisha kazini, mwingine anarekodi sauti na kuihariri vizuri, lakini siku ya kuomba nafasi ya mafunzo au kibarua wote wawili wanaulizwa vyeti, na vyeti walivyo navyo vinaeleza alama za mitihani tu. Beji ya kidijitali iliyotengenezwa kwa uangalifu inaweza kusema kwa niaba yao kile ambacho cheti cha shule hakisemi. Iliyotengenezwa kwa pupa haisemi lolote, na vijana wenyewe ndio wa kwanza kuligundua hilo.

Beji ni kitu gani hasa

Wengi wetu neno beji tulilipata kwa skauti. Kijana anajifunza kufunga mafundo, kupiga hema au kutoa huduma ya kwanza, anapimwa na mtu anayeijua kazi hiyo, kisha anashonewa alama kwenye mkono wa shati. Mwanzilishi wa skauti, Robert Baden-Powell, alifariki mwaka 1941 na kuzikwa Nyeri, Kenya, na utaratibu aliouacha ungali unafahamika katika shule nyingi za Afrika Mashariki, kwa hiyo mkutubi hahitaji kuanza kuwafafanulia wazazi jambo geni kabisa.

Beji ya kidijitali inafuata utaratibu huohuo, isipokuwa mahali pa kitambaa na uzi pana picha ndogo iliyobeba taarifa ndani yake: nani ameitoa, nani amepewa, lini, kwa vigezo gani, na ushahidi wa kazi yenyewe unapatikana wapi. Shirika la Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, kwa msaada wa MacArthur Foundation ya Marekani, lilianza kuutangaza mpango wa Open Badges mwaka 2011, na toleo la kwanza kamili likatoka mwaka 2013. Siku hizi viwango vyake vinasimamiwa na taasisi ya 1EdTech. Jambo la kushika hapa ni kwamba viwango hivyo ni vya wazi: beji iliyotolewa na mfumo mmoja inasomeka na mfumo mwingine, na maktaba haifungwi na kampuni moja.

Mfano unaotajwa sana ni wa Chicago. Mwaka 2009, maktaba kuu ya jiji hilo, Harold Washington Library Center, ilifungua ukumbi wa vijana unaoitwa YOUmedia, wenye kompyuta, kamera na studio ya kurekodi muziki, pamoja na watu wazima wenye ujuzi waliokaa na vijana na kufanya nao kazi. Miongoni mwa waliopitia hapo ni msanii Chance the Rapper, ambaye alikuwa akisimama mbele ya wenzake katika jioni za maonyesho akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Katika kiangazi cha mwaka 2013 jiji lilianzisha mpango mkubwa wa vijana kujifunza nje ya shule, maktaba, makumbusho na mashirika mengi yakishiriki, na hapo ndipo vijana wakaanza kutunukiwa beji za kidijitali kwa wingi. Tazama miaka hiyo kwa makini. Ukumbi, vifaa na walezi vilitangulia, na vijana walikuwa wamekwisha kufanya kazi nyingi kabla beji hazijafika. Maktaba zinazoanza na beji, zikichora nembo nzuri na kufungua akaunti kabla ya kuwa na meza ya kazi, zinaanzia mwisho.

Hatua ya kwanza: weka meza ya kazi, na usitaje beji

Kwa miezi miwili ya mwanzo, acha beji kando. Tenga meza moja mbali na wasomaji wanaohitaji utulivu, ikiwezekana karibu na dirisha na soketi ya umeme, na uweke juu yake vifaa vya kazi moja au mbili tu. Kisha mtafute fundi wa eneo lako. Fundi redio mwenye kibanda karibu na stendi, fundi cherehani, mpiga picha wa mtaani au mtangazaji wa redio ya jamii anafaa zaidi kuliko mtaalamu anayekuja mara moja kwa mwaka na kuondoka. Mwombe aje saa mbili kwa juma, na kama bajeti inaruhusu, mlipe nauli na posho, kwa sababu muda anaokaa nanyi ni muda ambao kibanda chake kimefungwa.

Mtafiti Mizuko Ito na wenzake, waliochunguza namna vijana wa Marekani wanavyojifunza kwa vyombo vya kidijitali, walieleza ngazi tatu za ushiriki: kwanza kijana anakuja tu kukaa na wenzake, kisha anaanza kuvichezea vifaa bila lengo kubwa, na hatimaye baadhi yao wanazama katika jambo moja hadi wanalibobea. Ukumbi wa Chicago ulipangwa ukizingatia ngazi hizo. Kwa mkutubi, maana yake ni kwamba kijana aliyekaa pembeni ya meza akitazama kwa majuma matatu hapotezi muda, na asifukuzwe. Miezi hiyo miwili itumie kuandika katika daftari mambo ambayo vijana wanayarudia bila kuombwa. Hayo ndiyo yatakayokupa beji zako za kwanza.

Hatua ya pili: chagua kazi moja yenye mwisho unaoonekana

Kosa la kawaida ni kutangaza beji ya jambo pana kama "Teknolojia" au "Ubunifu". Hakuna anayeweza kupima ubunifu jioni ya Jumatano. Chagua kazi ambayo ikikamilika inashikika mkononi au inasikika, na ambayo fundi anaweza kusema bila kusita kwamba imefanyika au bado.

Nitatoa mfano wa kazi ninayoijua vizuri, nayo ni taa ndogo ya kusomea. Inahitaji betri tatu za kawaida za AA katika kishikizo chake, taa moja nyeupe ya LED (taa ndogo inayotumia umeme kidogo), rezista ya ohm 100 (kifaa kidogo cha kupunguza mkondo wa umeme), swichi, vipande vya waya na kopo au chupa ya plastiki ya kuwa gamba lake. Betri tatu zikipangwa mfululizo zinatoa volti 4.5. Taa nyeupe ya LED inatumia volti 3 hivi, kwa hiyo zinabaki volti 1.5 ambazo lazima zibebwe na rezista, na rezista ya ohm 100 itaruhusu mkondo wa takriban miliampea 15 ambao taa inaustahimili kwa saa nyingi. Rezista hiyo inatambulika kwa mistari yake ya kahawia, nyeusi na kahawia, ukiacha ule wa mwisho unaoonyesha kiwango cha usahihi wake. Mguu mrefu wa LED ndio unaokwenda upande wa chanya.

Nakumbuka msichana mmoja wa kidato cha pili ambaye taa yake ilikataa kuwaka siku nzima ya kwanza. Alibadilisha betri, akabadilisha swichi, akakaza waya zote. Fundi aliyekuwa mezani hakuigusa sakiti yake, alimwambia tu, "Mwanangu, anza kwenye betri, ufuate njia ya umeme kwa kidole mpaka urudi ulikoanzia." Alipofika kwenye LED, kidole kilisimama. Aliugeuza ule mguu, taa ikawaka, na juma lililofuata nilimkuta ameinama juu ya sakiti ya mvulana mdogo kuliko yeye, akimwongoza kwa kidole vilevile. Tulipokuja kuandika vigezo vya beji yetu ya kwanza, kufuata njia ya umeme kwa kidole kulikuwa kigezo, kwa sababu ndipo palipoonekana kwamba mtu ameelewa.

Kuhusu usalama, usilegeze. Chuma cha kulehemu kinafikia nyuzi joto 350 za Selsiasi, na lehemu nyingi zinazouzwa madukani zina madini ya risasi yenye sumu. Madirisha yawe wazi, miwani ya kukinga macho ivaliwe, chakula kisiliwe mezani, na kila mmoja anawe mikono kwa sabuni kabla ya kuondoka. Pasiwe na zaidi ya vijana wanne kwa chuma kimoja, na mtu mzima awepo muda wote ambao chuma kina moto. Maktaba isiyoweza kutimiza masharti haya itumie viunganishi vya skrubu badala ya kulehemu. Taa itawaka vilevile.

Kazi nyingine zinazofaa ni kurekodi na kuhariri simulizi ya mzee wa mtaa, kutengeneza mchezo mdogo kwa programu ya Scratch ambayo inafanya kazi hata pasipo intaneti, kuzikarabati jalada za vitabu vilivyochakaa vya maktaba yenyewe, au kutengeneza ramani ya mtaa. Ukarabati wa vitabu nautaja kwa kusisitiza, kwa kuwa gundi, uzi na vitabu vinavyohitaji huduma maktaba inavyo tayari.

Hatua ya tatu: andika vigezo ambavyo mgeni atavielewa

Hapa ndipo ulipo uzito wa kazi yote, na ninashauri mkutubi atumie muda mrefu hapa kuliko katika hatua nyingine yoyote. Vigezo ni maandishi mafupi yanayokaa ndani ya beji. Atakayeyasoma hakuwepo mezani, hakujui, na hamjui kijana. Anaweza kuwa mwenye karakana anayetafuta msaidizi au mkuu wa chuo. Kwa hiyo kila sentensi ieleze kitendo kilichofanywa na kuonekana. Sentensi kama "ameonyesha uelewa mzuri wa umeme" haimsaidii mtu huyo. Kwa taa ya kusomea, vigezo vinaweza kusomeka hivi:

"Mwenye beji hii ametengeneza taa ya kusomea inayotumia betri tatu, na taa hiyo imewaka kwa saa moja mfululizo bila kukatika hata ilipotikiswa. Ameionyesha njia ya umeme kuanzia betri hadi kurudi kwenye betri kwa kuifuata kwa kidole, na ameeleza kwa maneno yake mwenyewe kazi ya rezista. Amepewa taa ya mtu mwingine iliyoharibiwa kwa makusudi, akalitafuta kosa na kulirekebisha. Maungio yake yamekaguliwa na fundi."

Sharti la taa iliyoharibiwa ndilo linalomtenganisha aliyefuata maelekezo na aliyeelewa. Fundi anakata waya mmoja ndani ya gamba, au anageuza LED, kisha anampa kijana bila kusema neno. Maungio nayo yana dalili zake: lehemu iliyoshika vizuri imetanda kama kilima kidogo chenye mteremko, inaukumbatia waya pande zote, ilhali iliyoshika vibaya imejikusanya kama tone juu ya waya na huachia ukivuta kidogo. Yaandike hayo katika karatasi ya mkaguzi ili fundi akibadilika, kipimo kisibadilike.

Vigezo viandikwe kwa Kiswahili kwanza, na vijana wavisome na kuvihoji kabla havijapitishwa. Kama utahitaji tafsiri ya Kiingereza kwa ajili ya waajiri wa mbali, iwekwe chini yake. Matokeo ya ukaguzi yawe mawili tu, "tayari" na "bado", na aliyeambiwa bado aambiwe pia ni kigezo kipi na siku gani atarudia. Neno "ameshindwa" halina kazi kwenye meza hii.

Hatua ya nne: mpate mtu wa nje kabla ya kutoa beji ya kwanza

Beji inayotambuliwa na maktaba peke yake inaishia mlangoni mwa maktaba. Kabla ya kuitoa, chukua karatasi ya vigezo uende nayo kwa watu watatu: mwenye karakana au biashara inayohusiana na kazi hiyo, mkuu wa shule ya karibu, na msimamizi wa chuo cha ufundi kilicho jirani. Usiende kuomba sahihi. Waulize swali moja: kijana akija na beji yenye maneno haya, utamfanyia nini ambacho usingemfanyia asipokuwa nayo? Mmoja anaweza kusema atampa siku mbili za majaribio. Mwingine atasema kigezo fulani ni hafifu, na huyo amekusaidia zaidi.

Kwa Tanzania, sera ya elimu katika toleo lake la mwaka 2023 imeupa mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi, nafasi katika elimu ya sekondari, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi ambao mtu ameupata nje ya mafunzo rasmi. Kwa Kenya, kuna majaribio ya ufundi yanayosimamiwa na NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Beji ya maktaba haichukui nafasi ya mojawapo ya hayo, na lazima jambo hili lisemwe wazi kwa wazazi na kwa vijana, tena lisemwe kabla hawajauliza. Inachoweza kufanya ni kumpeleka kijana kwenye ofisi hizo akiwa na kumbukumbu iliyopangwa ya kazi alizofanya, na kumpa ujasiri wa kujieleza. Mzazi aliyeambiwa kwamba beji ni cheti cha ufundi, kisha akagundua sivyo, hatamruhusu mwanawe kurudi, na atakuwa na haki.

Hatua ya tano: kusanya ushahidi bila kumweka kijana hadharani

Ushahidi ni picha, sauti, video fupi au maelezo yanayoonyesha kazi yenyewe. Kwa taa, picha tatu zinatosha: sakiti kabla ya kufunikwa, taa ikiwa inawaka, na taa iliyokuwa imeharibiwa baada ya kurekebishwa, pamoja na aya moja ambayo kijana ameiandika mwenyewe. Piga picha mikono na kazi, uache uso. Hakuna mwajiri anayehitaji kuona sura ya mtoto wa miaka 14 ili kujua kwamba maungio yake ni imara.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote mbili zinaigusa maktaba inayohifadhi majina, anwani na picha za watoto. Andaa fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, inayomweleza mzazi au mlezi ni taarifa gani zitahifadhiwa, wapi, kwa muda gani, na kwamba anaweza kuomba zifutwe. Katika simulizi za wazee, mzee naye aombwe ridhaa, asikilizishwe alichorekodiwa, na aruhusiwe kuondoa sehemu asiyoitaka.

Hatua ya sita: chagua mfumo, kisha ujaribu mtego wa WhatsApp

Kuna huduma kadhaa za mtandaoni za kutolea beji, baadhi zikiwa na kiwango cha bure. Kwa taasisi ambayo tayari inatumia Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni, hakuna haja ya kutafuta mbali, kwa kuwa programu hiyo imekuwa na uwezo wa kutoa beji tangu toleo la 2.5 la mwaka 2013. Lolote utakalochagua, hakikisha mambo mawili: kwamba linafuata viwango vya Open Badges, na kwamba linakuruhusu kupakua nakala za beji zote ulizotoa. Mozilla yenyewe ilikuwa na mkoba wa mtandaoni wa kuhifadhia beji, kisha ikaufunga na watumiaji wakahamishiwa huduma nyingine. Kama waanzilishi walifikia hapo, huduma yoyote unayoitegemea leo inaweza kufika hapo pia.

Beji nyingi huthibitishwa kwa njia ambayo si wote wanaielewa. Picha inabeba anwani ya ukurasa wa mtandao, na anayetaka kuhakiki anaufungua ukurasa huo kwenye tovuti ya mtoaji. Tovuti ikizimika, au jina lake la mtandao, yaani anwani ya tovuti inayokodishwa kwa malipo, likikosa kulipiwa kwa mwaka mmoja, beji zote zilizotolewa hapo zinabaki picha tupu, pamoja na za vijana waliokwisha kuhama mji. Vilevile Moodle iliyowekwa kwenye kompyuta ya ndani ya maktaba, isiyofikika kutoka nje, itatoa beji ambazo mwajiri hawezi kuzihakiki. Toleo la 3.0 la viwango limejengwa juu ya sahihi za kidijitali ambazo zinapunguza utegemezi huo, na kama mfumo wako unalikubali, lichague. Kama haulikubali, gharama ya jina la mtandao iingizwe katika bajeti ya kila mwaka kama inavyoingizwa bili ya umeme.

Sasa mtego wenyewe. Picha ya beji kwa kawaida ni faili ya PNG ambayo taarifa zake zimepachikwa ndani. Kijana akiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, programu inaibana na kuigeuza, na taarifa zile zinatoweka. Anayepokea anaona mchoro mzuri usio na kitu ndani. Wafundishe vijana kutuma kiungo cha beji, au kuituma kama hati badala ya picha. Fanya jaribio mbele yao: mtumie mwenzako beji kwa njia zote mbili, aipakue, kisha muipandishe kwenye ukurasa wa kuhakiki. Wakiona moja imekubali na nyingine imekataa, hawatasahau.

Suala la barua pepe linahitaji subira. Beji hufungamanishwa na anwani ya barua pepe ya mpokeaji, ambayo kwa kawaida huhifadhiwa kwa kufumbwa ili isisomeke na kila mtu. Vijana wengi hufungua anwani kwa ajili ya simu, wakasahau nywila, wakafungua nyingine. Wengine wanatumia simu ya mama au ya kaka. Tenga kipindi kizima cha kumsaidia kila mmoja kuwa na anwani moja atakayoitunza, na kwa walio chini ya umri unaoruhusiwa na watoa huduma, tumia anwani ya mzazi kwa ridhaa yake. Hatimaye, chapisha kila beji kwenye karatasi ngumu pamoja na msimbo wa QR unaokwenda kwenye ukurasa wake. Karatasi hiyo ndiyo itakayobandikwa ukutani nyumbani, na ndiyo ambayo bibi ataisoma.

Hatua ya saba: toa beji chache

Mwaka 1973 watafiti Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na watoto wa shule ya awali huko Stanford, Marekani. Watoto hao walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa tuzo, karatasi yenye nyota na utepe, endapo wangechora. Wengine walipewa tuzo hiyohiyo kwa kushtukiza baada ya kuchora. Wengine hawakupewa kitu. Siku kadhaa baadaye, walioahidiwa tuzo ndio waliotumia muda mchache kuchora walipoachwa wafanye watakalo. Kilichokuwa mchezo kwao kilikuwa kimegeuka kazi ya malipo.

Niliwahi kuliona jambo hili kwa macho yangu katika maktaba moja iliyokuwa ikitoa beji ya mahudhurio, beji ya kuuliza swali, na beji ya kumaliza kitabu. Mwanzoni vijana walijaa. Baada ya muda walikuwa wakisaini daftari la mahudhurio na kuondoka, na wale wachache waliokuwa wakija kwa mapenzi ya kusoma walianza kuchagua vitabu vyembamba. Iliniuma, kwa sababu tulikuwa tumewaharibia kitu walichokuja nacho kutoka nyumbani.

Kwa hiyo usitoe beji kwa kuhudhuria, kwa kusoma, wala kwa tabia njema. Itoe kwa kazi iliyokamilika na kukaguliwa, na katika mwaka wa kwanza usiwe na beji zaidi ya tatu. Usibandike orodha ya nani ana ngapi. Kijana anayependa kukaa mezani na kutengeneza vitu bila kutaka beji yoyote aachwe afanye hivyo kwa amani, apewe waya na betri sawa na wenzake.

Hatua ya nane: pitia upya, na uandae makabidhiano

Kila baada ya miezi sita, kaa na fundi na vijana watatu au wanne wenye beji, mfungue ushahidi wa zamani na kuusoma kama vile mnauona mara ya kwanza. Ushahidi usiolingana na vigezo unaonyesha kwamba mkaguzi alilegeza au vigezo havikueleweka. Mkiamua kubadilisha vigezo, msihariri beji iliyokwisha kutolewa. Tengenezeni mpya yenye jina au namba tofauti, kwa kuwa waliopewa ya kwanza walipimwa kwa maneno yale ya kwanza. Watafuteni pia wale watu watatu wa nje muwaulize ni vijana wangapi wamewafikia, na kama jibu ni hakuna hata mmoja, sitisheni utoaji hadi mjue sababu.

Wakutubi huhamishwa, na mipango mingi ya aina hii hufa siku ambayo aliyeijua nywila anapanda basi. Akaunti ya kutolea beji ifunguliwe kwa anwani ya taasisi, nywila ijulikane na watu wawili, na tarehe ya kulipia jina la mtandao iandikwe katika kalenda ya ofisi ya mhasibu. Pamoja na hayo, tunza rejesta ya karatasi yenye tarehe, jina la beji, jina la kijana, jina la mkaguzi na sahihi zao wote, na uifungie kabatini pamoja na fomu za ridhaa. Kijana aliyepoteza barua pepe yake akirudi baada ya miaka mitatu, mkutubi aliyepo, hata kama hawajawahi kuonana, afungue kabati, aipate sahihi yake, amtolee beji upya siku hiyohiyo.